Shafti Iliyopungua Kidole Kimoja

Tangu ile asubuhi ya Aprili, Kasyoka hakupanda tena pikapu ya kikundi. Siku ya kliniki alimfunga mtoto mgongoni, akashuka mtoni kwa miguu, akavuka mchanga, akakwea ng'ambo ya pili mpaka Kwa Vonza. Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Pikapu ikimkuta njiani na dereva akipunguza mwendo, Kasyoka alisogea kando akatazama vichaka mpaka ipite. Hakutukana, hakunung'unika. Kimya hicho kilimkaa dereva kifuani kuliko matusi, maana dereva alikuwa Kanyiva, na wawili hao walianza darasa la kwanza siku moja, wakamaliza la nane siku moja, na masomo yao yakaishia hapohapo.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya mwethya, kikundi cha akina mama wanaochimba matuta shambani kwa mmoja wiki hii na kwa mwingine wiki ijayo, hadi wote wafikiwe. Waliinunua ikiwa imeshatumika, ibebe maembe, ibebe simiti, na zaidi ya yote ivushe wagonjwa, kwa sababu kijiji chao kiko upande wa mto usio na daraja. Mto huo kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, mchanga mzito unaomeza gurudumu hadi kitovu. Gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halivuki. Kanyiva alichaguliwa kuendesha kwa sababu alishajifunza kwa lori la mchanga la mjomba wake, na kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti, msichana huyu hata akimwaga maji humwaga polepole.

Ila hiyo gia ya magurudumu manne haikuwa na mti wa kushika. Ilikuwa swichi ya mviringo kwenye dashibodi, ndogo kama ile ya kuongeza sauti ya redio. Unaizungusha, taa inapepesa, unangoja itulie, ndipo uende. Kazi yenyewe hufanywa huko chini, tumboni mwa gari, ndani ya sanduku la chuma ambalo mafundi huliita transfa. Kando ya sanduku hilo kuna mota ndogo, na mota hiyo hupokea amri kutoka kwa kompyuta. Kompyuta ikipenda.

Asubuhi ile ya Aprili mvua ilikuwa imenyesha huko juu usiku kucha. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu na yalikuwa yanapanda. Kasyoka alikuwa amekaa mbele, uchungu umemshika, ameng'ata leso. Kanyiva alizungusha swichi kabla ya kushuka. Taa ikapepesa, ikapepesa. Akarudi nyuma kidogo, akatoa gia, akangoja. Taa ikatulia. Akaiamini, akaingia. Katikati ya mto magurudumu ya nyuma yakachimba na ya mbele yakalala tu, huku taa ikiwaka vizuri kabisa kana kwamba hakuna kilichoharibika. Wanawake walimtoa Kasyoka kwa blanketi, na mtoto akazaliwa ukingoni, juu ya majani yaliyolowa. Walimwita Mwanzia, yaani wa njiani. Mtoto alikuwa mzima. Mamake alitokwa na damu nyingi mno, wanaume wakambeba kwa kitanda hadi barabarani, na akalala hospitali siku kumi na moja. Pikapu ilivutwa na ng'ombe.

Baada ya hapo maneno yakatembea. Kwamba Kanyiva alizungusha swichi vibaya. Kwamba aliharakisha. Aliyeyabeba zaidi alikuwa Kitheka, mpwa wa mwenyekiti, kijana aliyerudi kutoka Machakos na cheti cha udereva alichokiweka ndani ya karatasi ya plastiki. Alikuwa akisema sokoni, bila kupaza sauti, akijua Kanyiva yuko karibu anasikia: "Hii gari ni ya kompyuta, jameni. Haitaki mtu wa darasa la nane."

Kanyiva alikuwa na tabia ya kusuka kiondo akingoja abiria, na uzi wa katani ulining'inia siku zote kwenye kioo cha ndani. Akaanza kuufunga mafundo. Swichi ikikubali, fundo moja. Ikikataa, mafundo mawili yakikaribiana. Kila gari lilipopita majini, alifunga hapo na ukambaa mwekundu. Mara mbili pikapu ilipelekwa mjini, na mara zote mbili kijana wa garaji alichomeka mashine yake, akabonyeza, akasema imepona. Haikumaliza hata wiki mbili. Kufikia Agosti uzi ulikuwa umejaa mafundo, na mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba mafundo mawilimawili yalikuwa yanafuata ule ukambaa mwekundu kama kondoo wanavyofuatana.

Aliupeleka uzi huo kwa Idris, fundi wa zamani mjini Kitui, ambaye babu yake alitoka pwani akaoa huku. Mzee yule aliupitisha vidoleni fundo kwa fundo, taratibu, kama anayehesabu tasbihi. Halafu akaingia chini ya gari kwa shida, akatoka kwa shida zaidi.

"Binti yangu," alisema, "ugonjwa huu hauko mkononi mwako. Mkono wako ulifanya ulivyoambiwa."

Kanyiva aligeuka akatazama ukuta kwa muda. Tangu Aprili hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hivyo.

Idris akamweleza. Gia za ndani zilikuwa nzima. Kilichokuwa kikiugua ni ile mota na waya zake, maana maji ya mto huingia humo, na hata ukiweka mota mpya, mto ni uleule. Dawa ni kulitoa sanduku zima na kuweka la aina ya zamani, lenye mti wa gia unaopita sakafuni hadi mkononi mwa dereva. Chuma kinasukuma chuma, alisema, na hakuna mpasha habari katikati.

Kwenye mkutano wa kikundi jambo hilo lilileta ubishi. Kitheka alicheka, akauliza kama wangetoa pia taa za umeme wafunge koroboi. Wengine walisema Kanyiva anatafuta chombo cha kubebeshwa kosa lake. Mwenyekiti, Mama Musembi, mwanamke mwenye uso usiosema lolote, aliwaacha wachoke. Kisha akakata: sanduku litabadilishwa. Lakini gari likikwama tena mtoni kwa sababu yoyote iliyo mkononi mwa Kanyiva, funguo zitakwenda kwa Kitheka, na Kanyiva atarudi kwenye jembe kama wengine. Wakati yanasemwa hayo, Kasyoka alikuwa ameketi nyuma akimnyonyesha Mwanzia, na hakuinua macho.

Sanduku la aina hiyo lilipatikana Mukuyuni, kule Makueni, ndani ya pikapu ya jamaa moja na yao iliyogongwa nyuma na kuachwa kwenye ua wa Mzee Mbaluka, kuku wakitagia juu ya viti. Idris hakuweza kusafiri, magoti yake yalikuwa yamemchoka. Alimwambia Kanyiva ahakikishe mambo matatu: urefu wa sanduku, meno ya mhimili unaoingia kwenye giaboksi, na upande ambao shafti ya mbele, ile nondo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, inatokea, kulia au kushoto. Upande ukikosea, umebeba chuma cha kuzuia mlango.

Kanyiva alipima la zamani kwa uzi wa katani, akafunga mafundo. Meno aliyachukua kwa namna yake: alikigandamiza kipande cha sabuni ya kufulia kwenye ncha ya mhimili, alama zikabaki ndani yake wazi kama muhuri. Kule Mukuyuni alilala chini ya ile gari kuukuu, akakisukuma kile kipande cha sabuni kwenye ncha ya mhimili wa pale, na kikakaa kimya bila kucheza. Uzi nao ukakaa. Shafti ya mbele ilishaibwa na watu wasiojulikana, lakini mahali pake palionyesha ni kulia, kama kwao. Mzee Mbaluka, aliyekuwa amesimama akingoja akwame ili amsaidie, aliishia kumletea uji.

Idris alipoliona sanduku alikishika kile kipande cha sabuni akakizungusha machoni muda mrefu. Akasema katika miaka yake yote ameona watu wakipima kwa futi, kwa shubiri na kwa macho, lakini kwa sabuni hajapata kuona. Habari hiyo ilifika kijijini kabla ya Kanyiva mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili alitembea sokoni bila kutazama chini.

Labda hiyo ndiyo sababu ya yaliyofuata.

Kazi ya kuliweka ilichukua siku mbili kwenye ua wa Idris. Mzee alikaa juu ya debe akielekeza, Kanyiva akiwa chini. Walikata tundu sakafuni, mti wa gia ukachomoza, wakaufunika shingoni kwa mpira wa tyubu kuukuu ili vumbi lisipande. Lililobaki ni shafti ya mbele. Mahali pa kuifungia kwenye sanduku jipya palikuwa nyuma kidogo kuliko kwenye lile la kwanza, hivyo shafti ilibidi irefushwe. Idris alimwambia achukue futi iliyokuwa imening'inia ukutani. Kanyiva alicheka kidogo. Alisema uzi wake haujamdanganya bado.

"Haya," alisema Idris. "Wewe na uzi wako."

Alipima, akafunga fundo, akauzungusha uzi kwenye kifundo cha mkono ili asiupoteze. Alipotoka chini ya gari mikono yake ilikuwa imejaa grisi. Akachota maji, akaisugua kwa kipande kilekile cha sabuni hadi viwiko, akaikung'uta, akaichukua shafti, akaenda moja kwa moja kwa jirani wa Idris mwenye mashine ya kukereza vyuma. Jirani akaulaza uzi juu ya meza, akaikata shafti, akaiunga, akaichomea. Jioni shafti ilikuwa mahali pake.

Gari lilivuka mto siku iliyofuata kama linalovuka uwanja wa kanisa. Mchanga ulikuwa mkavu, akina mama wamesimama nyuma wakiimba, na Kanyiva alipovuta mti wa gia aliusikia ukiingia, si kwa masikio bali kwa kiganja. Mama Musembi hakuimba, ila alisema funguo zitazungumzwa Jumamosi, kabla mvua haijaanza. Kila mtu alijua maana yake, kwamba zitabaki kwa Kanyiva. Kitheka alitoa cheti chake mfukoni akakitazama, akakirudisha.

Kanyiva alipofika nyumbani aliingia chini ya gari. Hakuna aliyemtuma. Ndivyo alivyo, chungu kikitulia hufunua kifuniko aone kimetulia kwa nini. Shafti ile ina vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya mwenzake kama antena ya redio, ili gurudumu la mbele likishuka shimoni shafti iweze kujirefusha. Akaona kwamba kile cha ndani kilikuwa kimetoka kuliko inavyopasa. Palikuwa na chuma kinachong'aa, kimefutwa grisi, kilichokuwa kimejitokeza na kurudi wakati wanavuka. Kilichobaki ndani hakikuzidi upana wa vidole viwili. Barabarani hakuna neno. Kwenye mchanga mkavu, neno dogo. Lakini maji yakichimba shimo mtoni, na gurudumu moja la mbele likaning'inia humo, vipande vile vingeachana, na magurudumu ya mbele yangelala tena.

Akautoa uzi kwenye kioo. Ulikuwa umekauka siku nyingi. Akaulaza kando ya shafti. Uzi uliizidi kwa kidole kimoja.

Alikaa chini pale vumbini. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Tangu akiwa na miaka sita mamake alimfundisha kulowesha katani kabla ya kukaza safu ya mwisho ya kiondo, kwa sababu katani ikinywa maji hujikunja, hujivuta, ikawa fupi. Yeye alikuwa amenawa mikono na uzi uko mkononi. Aliupeleka kwa fundi ukiwa unachuruzika maji. Kompyuta haikuwamo humo, wala Idris, wala mto.

Zilibaki siku mbili kufika Jumamosi. Angeweza kuifungua usiku usiku, akaipeleka Kitui kwa kisingizio cha kubadilisha oili, na hakuna ambaye angejua. Aliliwaza hilo kwa muda mrefu, akaligeuza upande huu na ule, na lilikuwa wazo zuri. Kisha Kasyoka akapita njiani akitoka kliniki, mavumbi hadi magotini, Mwanzia amelala mgongoni huku kichwa kikining'inia. Alipita bila kutazama gari. Kanyiva akamfuata kwa macho hadi alipopotea kwenye kona.

Jumamosi akina mama walikaa chini ya kivuli cha banda la maembe kwa Mama Musembi. Kabla mwenyekiti hajafungua kinywa kuhusu funguo, Kanyiva alisimama. Alieleza habari ya uzi, ya maji, ya kidole kimoja. Akaeleza ni nini kingetokea mtoni. Aliongea polepole na hakumtaja mtu mwingine.

Kitheka akasema kwa sauti ya mtu anayerudishiwa chenji yake, "Si mnaona sasa. Kupima gari na uzi ya kiondo."

Wengine walicheka. Mama Musembi hakucheka.

"Kuna mtu mwingine aliona hiyo shafti?" aliuliza.

"Hapana, Mama."

"Kitheka, wewe si uliangalia chini ya gari juzi? Uliniambia umekagua."

Kitheka alisema aliangalia, ndiyo, na kwamba kwa macho yake kila kitu kilikuwa sawa. Akasikia mwenyewe alichosema.

Mama Musembi akarudi kwa Kanyiva. "Na wewe ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi," alisema Kanyiva. "Na ndiye nimeshika usukani."

Kikundi chao kilikuwa na sheria yake, ya zamani kuliko pikapu. Mama ambaye tuta lake limebomoka kwa sababu hakulipima vizuri, hulijenga upya peke yake, na wenzake wote hukaa ukingoni mwa shamba wakimtazama. Hakuna kumsaidia na hakuna kumsema. Wengi huogopa siku hiyo kuliko kutozwa faini. Mama Musembi alisema sheria haikutaja kama tuta ni la udongo au la chuma.

Basi Kanyiva alitandika gunia, akaweka jeki, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akaingia chini. Nati zilikuwa zimekazwa na mikono yake mwenyewe, hivyo hakuwa na wa kumlaumu kwa ugumu wake. Akina mama arobaini waliketi wakitazama miguu yake miwili ikitokeza. Mwanzoni ilikuwa kama kuvuliwa nguo. Baadaye akasikia mikeka ikisogezwa, na alipogeuza kichwa akaona nyuso zimeinama hadi ardhini, bibi mmoja amelala kabisa ubavu, zote zikichungulia tumbo la gari lao ambalo hawakuwahi kulitazama. Kasyoka alikuwa mstari wa mbele. Alitazama tangu nati ya kwanza hadi ya mwisho, na shafti ilipotoka, ikawekwa juani, alinyoosha kidole akagusa pale panapong'aa. Kisha akairudisha mikono yake mapajani, maana sheria ni sheria.

Jumatatu shafti ilikwenda Kitui. Idris alisikiliza kisa chote, akaenda ukutani, akaitungua futi, akaiweka mkononi mwa Kanyiva, akamwambia akae nayo. Shafti iliporudi ilifungwa tena mbele ya macho yaleyale.

Kuhusu funguo, hakuna aliyesema kitu. Hazikuitwa, hazikukabidhiwa, zilibaki zilipokuwa, kwenye pindo la leso ya Kanyiva, na yeye hakujua kama ni kwa kukubaliwa au kwa kusahauliwa.

Mvua ilikuja wiki ya pili ya Novemba. Asubuhi ya kliniki mto ulikuwa na maji ya kahawia yanayofika magotini, yakitembea upesi. Nyuma ya pikapu walikuwa akina mama saba na magunia ya pojo. Mama Musembi mwenyewe alipanda, akakaa juu ya gunia, jambo ambalo si kawaida yake. Ukingoni, mahali njia inapoanza kushuka, Kasyoka alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, viatu mkononi, akiyatazama maji. Kwa miguu yasingevukika.

Kanyiva alisimamisha gari. Hakumwita. Alizima injini akakaa, mikono juu ya usukani, kama mtu aliye na siku nzima.

Kasyoka alizunguka mbele ya gari. Akafungua mlango. Akamfungua Mwanzia mgongoni, akampakata, akakaa kwenye kiti kilekile. Alitazama dashibodi, pale palipokuwa na swichi, ambapo sasa palikuwa na tundu lililozibwa kwa kifuniko cha mkebe wa dawa ya viatu.

"Ile siku taa ilikuwa inawaka," alisema. "Niliiona."

"Ilikuwa inawaka."

"Sasa utajuaje kama imeingia?"

Kanyiva akafikiri. "Lete mkono."

Akauchukua mkono wa Kasyoka akauweka juu ya kichwa cha mti wa gia, na wake akauweka juu ya ule. Akawasha injini, akakanyaga klachi, akavuta. Mti ulikataa kidogo, ukatetemeka chini ya viganja vyao, kisha ukaanguka mahali pake kwa uzito mmoja, kama komeo la mlango.

Kasyoka hakuondoa mkono.

Kutoka nyuma, juu ya paa, Mama Musembi alibisha mara mbili, namna makonda wanavyomwambia dereva twende. Kanyiva aliachia klachi polepole, na pua ya gari ikainama kuelekea majini.